Bendi za indie usiku wa Halloween: shoo ya kawaida, usiku wa kopi au shoo ya nyumbani?

Mwishoni mwa Oktoba mabango huanza kugombania usiku mmoja, ule wa Halloween, ambapo watu huvaa kama mizimu, wachawi na wahusika wengine. Klabu moja inatangaza bendi tatu za indie, yaani zisizo chini ya kampuni kubwa za muziki, zenye nyimbo zao. Klabu ya mtaa wa pili inatangaza kwamba bendi sita za mji huo zitavaa na kupiga kama bendi kubwa za zamani. Halafu rafiki anakutumia ujumbe: kuna bendi nne zitapiga kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu, anwani utapewa siku hiyohiyo. Zote ni tarehe 31, zote ni sehemu ndogo, na huwezi kuwa mahali patatu.

Makala haya ni ya aliyekwama hapo. Kumbi kubwa za maelfu ya watu nimeziacha, kwa kuwa anayekwenda huko anajua tayari anamfuata nani. Kwenye ukumbi wa watu mia mbili au mia tatu mambo ni mengine: unamwona mpiga gitaa akifunga uzi mpya baada ya ule wa kwanza kukatika, drams unazisikia zenyewe bila kupitia spika, na shoo ikiisha mwimbaji unamkuta mezani akiuza fulana.

Halloween inaongeza jambo ambalo siku nyingine halipo. Watazamaji nao wanakuja wakiwa wamevaa, na aliyevaa anataka kuonwa. Ndiyo maana swali ninalolitanguliza ni hili: unataka bendi iwe ndiyo shughuli ya usiku, au unataka bendi na watu wagawane shughuli hiyo? Machaguo haya matatu yanatofautiana hapo kuliko kwenye bei, umbali au kitu kingine chochote.

Tazama kalenda kwanza

Tarehe 31 Oktoba inaangukia Jumamosi mwaka 2026, Jumapili mwaka 2027 na Jumanne mwaka 2028. Usilipite hilo haraka. Ikiangukia Jumamosi, kumbi zinafurika watu wanaotafuta sherehe yoyote ile, wakiwamo wasiojua hata jina la bendi iliyoko jukwaani. Ikiangukia katikati ya wiki, sherehe nyingi zinahamia wikendi iliyotangulia, na anayefika ukumbini siku yenyewe ni yule aliyeifuata bendi. Kama unaumia watu wanapopiga soga katikati ya wimbo wa polepole, Jumanne ya 2028 itakufaa kuliko Jumamosi ya 2026, hata kama orodha ya bendi ni ileile.

Nitapima nini

Vigezo ni sita: muziki utakaousikia, sauti na kuona, mavazi, saa na kurudi nyumbani, kiingilio chako kinamfikia nani, na usalama. Vile viwili vya mwanzo nimevipa nafasi kubwa, kwa sababu ukumbi unaweza kupambwa kwa buibui wa kila aina na bado ukatoka na huzuni kama hukusikia kitu.

Kwa "shoo ya kawaida" namaanisha klabu yenye leseni, bendi kuu moja na mbili za kusindikiza, kila moja na nyimbo zake. "Usiku wa kopi" ni klabu hiyohiyo au mfano wake, ila bendi za mjini zinachagua kila moja bendi maarufu, zinavaa kama wao na kupiga nyimbo zao. Mfano unaotajwa sana ulitoka kwenye ukumbi mkubwa: mwaka 1994 huko Glens Falls, jimbo la New York, bendi ya Phish ilipiga mwanzo hadi mwisho albamu ya The Beatles ya santuri mbili ya mwaka 1968, baada ya mashabiki kupiga kura. Waliita hilo vazi la muziki. Kwenye klabu ndogo wazo ni hilohilo, ila kila seti, yaani zamu ya bendi moja jukwaani, ni fupi na bendi ni nyingi. "Shoo ya nyumbani" ni sebule, gereji au chumba cha chini ya nyumba, bila leseni wala kaunta, kinachoendeshwa na wapenda muziki wenyewe.

Muziki wenyewe

Kwenye shoo ya kawaida unaisikia bendi ikiwa yenyewe. Oktoba iko katikati ya msimu wa ziara za vuli, kwa hiyo bendi inayopita mjini mara nyingi imeshapiga nyimbo hizo usiku mwingi mfululizo na mikono imezoea. Bendi kuu inapata muda wa kupanga: wimbo mpya, wimbo wa zamani, pumziko, kisha ule ambao watu wameusubiri. Mpangilio wa namna hiyo hauwezekani kwenye seti ya dakika ishirini.

Usidharau bendi za kusindikiza. Mei 1993, kwenye ukumbi wa King Tut's Wah Wah Hut wa Glasgow unaobeba watu wapatao 300, Oasis hawakuwa bendi kuu. Walikuwa kundi lisilojulikana lililopewa nafasi fupi mapema, na Alan McGee, mwenye Creation Records, kampuni ya rekodi iliyowapa mkataba, alikuwa ndani. Waliochelewa kufika walikosa. Usiku wa Halloween kishawishi cha kuchelewa ni kikubwa, kwa sababu kupaka rangi usoni kunachukua muda, na bendi ya kwanza ndiyo inayolipa gharama ya muda wenu mbele ya kioo.

Usiku wa kopi una furaha ya aina nyingine, nami siipi daraja la chini. Unajua maneno yote. Watu mia mbili wanaimba kiitikio kwa pamoja, na bendi ya mtaani ambayo kwa kawaida inapigiwa makofi ya adabu inapata kupokelewa kama mabingwa. Zaidi ya hapo unajifunza bendi hiyo imelelewa na nani. Mpiga besi aliyekaa mwezi mzima akijifunza mistari ya mtu mwingine, noti kwa noti, anakuonyesha masikio yake yalivyo. Ukimsikia wiki mbili baadaye na nyimbo zake utaelewa zilikotoka.

Tatizo lake ni maandalizi. Bendi iliyofanya mazoezi mwezi mzima na ile iliyokumbuka siku mbili kabla zinapanda jukwaa moja, kwa kiingilio kimoja. Dalili ya kuaminika ni tangazo: kama bango linasema kila bendi itakuwa nani, wameshaamua na pengine wanafanya mazoezi. Kama limeandika tu kwamba kutakuwa na kopi za kushtukiza, jiandae kwa mchanganyiko. Ukumbi uliozoea kuandaa usiku huo kila mwaka nao huwa na orodha ya bendi zinazogombania nafasi, na ushindani huo unapandisha kiwango.

Shoo ya nyumbani ndiyo isiyotabirika kuliko zote. Unaweza kukuta bendi inayopiga hadharani kwa mara ya kwanza, mikono ikitetemeka, na unaweza kukuta bendi ya ziara iliyokosa klabu usiku huo ikapiga seti kali kuliko zote za safari yao. Seti ni fupi. Baadhi wanapiga zao, baadhi kopi, wengine wanachanganya. Kinachonivuta huko ni kwamba hakuna umbali wowote kati ya bendi na mtu. Mpiga gitaa akikosea anakuangalia wewe na mnacheka pamoja, kisha wanaanza upya.

Sauti, na mahali pa kusimama

Wengi hukosea hapa, hata wale waliozoea kumbi ndogo. Kwenye chumba kidogo drams na ampu (vikuza sauti) za gitaa zinakufikia moja kwa moja kutoka jukwaani. Spika kubwa za pembeni kazi yake hasa ni kubeba sauti ya mwimbaji. Ukijibana mbele katikati, spika hizo zinatoa sauti juu ya kichwa chako au pembeni yako, na matokeo yake unapata gitaa tele na maneno machache. Rudi nyuma hadi karibu na meza ya fundi mitambo. Yeye anachanganya sauti kwa kusikiliza kutoka pale, kwa hiyo anachokisikia yeye ndicho utakachokisikia wewe.

Shoo ya kawaida ina faida kubwa kwenye kigezo hiki. Bendi kuu kwa kawaida imepima sauti alasiri, ukumbi ukiwa mtupu, na fundi ameshajua mwimbaji ana sauti ya namna gani. Watu wakiingia chumba kinabadilika, kwa sababu miili na nguo vinameza sauti kali, na usiku ambao nusu ya ukumbi imevaa manyoya na mashuka vinameza zaidi. Fundi mzuri anarekebisha ndani ya nyimbo mbili.

Kwenye usiku wa kopi fundi huyohuyo ana kazi ngumu mara tatu. Bendi sita haziwezi zote kupima sauti. Kwa kawaida zinatumia drams na ampu zilezile, zinabadilishana kwa dakika chache, na kupima kwenyewe ni kugusa kila chombo kuhakikisha kinatoa sauti. Wimbo wa kwanza wa kila seti ndio unaotumika kuweka mambo sawa. Ukilijua hilo hutaudhika: subiri wimbo wa pili kabla ya kuihukumu bendi. Na kwa kuwa nyimbo unazijua, ubongo wako unajazia pale maneno yanapopotea, jambo ambalo bendi yenye nyimbo mpya hailipati.

Shoo ya nyumbani mara nyingi haina fundi kabisa. Kuna spika mbili ndogo za mwimbaji, na zinashindana na drams ndani ya dari ya chini. Sauti ya besi hujikusanya kwenye kona za chumba, kwa hiyo ukisimama konani utasikia mngurumo na si wimbo; sogea hatua chache kuelekea katikati. Kuona nako ni kwa safu mbili za mbele tu, kwa sababu jukwaa hakuna. Mtu mmoja mwenye kofia ndefu ya mchawi anaweza kuwafunika kumi walio nyuma yake. Kama wewe ni mfupi, fika mapema au kaa kwenye ngazi, kama wenye nyumba wanaruhusu.

Popote uendapo, chukua vizibo vya masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha sauti salama kwa kumbi: wastani usiozidi desibeli 100. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ina kipimo kikali zaidi kwa wafanyakazi: desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shoo ya bendi tatu ni saa tatu au zaidi. Wigi na barakoa havikingi sikio, na vizibo vidogo vinaingia vizuri chini ya vazi lolote.

Mavazi

Kwenye shoo ya kawaida utakuta mchanganyiko. Wengine wamevaa kabisa, wengine wamekuja na koti la kila siku, na hakuna atakayekuuliza. Bendi yenyewe inaweza kuvaa au isivae. Walio kwenye ziara hulala kwenye gari lililojaa vyombo, na nafasi ya mavazi ni ndogo.

Usiku wa kopi karibu kila mtu amevaa, pengine kuna mashindano, na asiyevaa anaweza kujisikia ametengwa kidogo. Kwa mpenda mavazi hapa ndipo penyewe. Shoo ya nyumbani ina mavazi ya kubuni kwa mkono, kadibodi na gundi, na mimi huyapenda zaidi ya yale ya dukani kwa sababu kila moja lina fikra ya mtu ndani yake.

Mambo machache ya vitendo. Mlangoni baunsa atataka uso wako ufanane na kitambulisho, kwa hiyo barakoa ivulike kirahisi, na rangi nzito ya uso inaweza kukuchelewesha. Silaha za bandia mara nyingi huzuiwa. Mabawa, mikia mirefu na sketi zenye waya hazifai mahali ambapo watu wamegusana mabega. Chumba chenye watu mia mbili kinakuwa na joto kali hata nje kukiwa na baridi ya vuli, kwa hiyo vaa vazi ambalo bado lina maana ukivua tabaka la juu. Viatu viwe vya kusimamia saa nne.

Saa, na kurudi nyumbani

Shoo ya kawaida ina ratiba inayoaminika. Kumbi nyingi hutangaza saa ya kila bendi siku hiyohiyo, milango inafunguliwa saa moja au saa mbili usiku, na bendi kuu inamaliza kabla au karibu na saa sita. Anayefanya kazi asubuhi anaweza kupanga.

Usiku wa kopi huchelewa. Kila mabadilishano yakizidi dakika tano, bendi sita zinakupeleka karibu nusu saa mbele, na bendi yenye kopi inayopendwa zaidi kwa kawaida imewekwa mwisho. Shoo ya nyumbani huchelewa kuanza lakini inaweza kuisha ghafla: jirani akipiga simu, ndiyo basi.

Kwa mwaka 2026 kuna jambo la pekee. Marekani, na sehemu kubwa ya Kanada, hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo mwaka huo ni tarehe 1, yaani usiku uleule wa Halloween. Ikifika saa nane usiku inarudishwa kuwa saa saba, na saa hiyo moja inapita mara mbili. Kama unategemea basi au treni ya saa saba na nusu usiku, uliza mapema ni ya mara ya kwanza au ya pili. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zitakuwa zimeshabadilisha Jumapili iliyotangulia, tarehe 25 Oktoba.

Kiingilio chako kinamfikia nani

Kwenye shoo ya kawaida fedha za mlangoni hugawanywa kati ya ukumbi na bendi baada ya gharama, kwa makubaliano yanayotofautiana. Bendi ya ziara mara nyingi inategemea meza ya fulana na santuri kujaza tangi la mafuta hadi mji unaofuata. Nchini Marekani bendi zinazopiga nyimbo zao zinaweza pia kuandikisha orodha ya walichopiga kwenye mpango wa ASCAP OnStage au BMI Live na kulipwa kama watunzi, hata kama ukumbi ni mdogo.

Usiku wa kopi hilo linageuka. Klabu inalipia leseni kwa vyama vya watunzi, kama ASCAP iliyoanzishwa mwaka 1914 na BMI ya mwaka 1939, na malipo ya utunzi ni haki ya waliotunga, si ya walio jukwaani. Kiingilio nacho kinagawanywa kwa watu wengi, na mara nyingi usiku huo unafanywa kuchangia jambo jema. Kwa hiyo ukipenda bendi fulani uliyoiona ikiwa imejivika jina la wengine, nunua santuri yao wenyewe kabla hujatoka.

Shoo ya nyumbani ina ndoo au kofia mlangoni, na kwa kawaida yote inakwenda kwa bendi iliyotoka mbali zaidi. Hakuna njia iliyo fupi kuliko hiyo kati ya mfuko wako na mwanamuziki.

Upande wa pili wa jambo hili ni kumbi zenyewe. Nyingi zinaishi kwa mauzo ya kaunta kuliko kwa tiketi. Zilipofungwa mwaka 2020, wenye kumbi huru wa Marekani waliunda umoja wao, NIVA, na Desemba mwaka huo Bunge la Congress likapitisha fungu la dola bilioni 15 la kuziokoa pamoja na sinema na majumba ya maonyesho. Uingereza walikuwa na Music Venue Trust tangu 2014. Klabu ndogo ikifungwa, bendi changa inakosa jukwaa lake la kwanza, na hakuna ukumbi mkubwa utakaolipa nafasi hiyo. Nunua kinywaji, hata kama ni soda.

Usalama

Nasema hili kwa uzito wote. Februari 2003 klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, iliungua baada ya fataki za jukwaani kushika sponji ya ukutani, na watu 100 walifariki. Wengi walikimbilia mlango waliouingilia wakabanana hapo. Desemba 2016 ghala la Ghost Ship huko Oakland, lililotumika kama makazi na ukumbi wa muziki bila kibali, liliungua na watu 36 walifariki. Moja lilikuwa na leseni, lingine halikuwa nayo. Leseni peke yake haikulindi.

Halloween inaleta vitambaa vya kuning'inia, nyasi kavu, karatasi, mishumaa na mashine za moshi wa jukwaani. Kwenye klabu, ya kawaida au ya kopi, kuna idadi ya watu iliyowekwa na milango ya dharura yenye taa. Kazi yako ni kuuona mlango wa pili kabla bendi haijaanza, na kuhakikisha mapambo hayajauziba. Kwenye nyumba ya mtu uliza waziwazi: kuna njia ngapi za kutoka chini? Kama ni ngazi moja nyembamba na watu wamejaa, mimi ningekaa juu au ningeondoka, na bendi nzuri itapiga tena siku nyingine. Mwenye pumu aulize kuhusu moshi kabla ya kununua tiketi.

Umri nao unaamua mengi. Nchini Marekani pombe ni kuanzia miaka 21, na klabu nyingi zenye kaunta zinaruhusu tu waliofikisha miaka 21 au 18, huku nyingine zikikaribisha umri wote na kuwafunga wenye umri wa kunywa bangili mkononi. Uingereza ni kuanzia miaka 18. Shoo za nyumbani kwa kawaida hazina sharti hilo, na kwa sababu hiyo ndiyo mlango wa kwanza wa vijana wengi kwenye muziki huu.

Kwa hali yako

Kama bendi unayoipenda iko mjini tarehe hiyo na haipiti mara kwa mara, nenda shoo ya kawaida na usiangalie kitu kingine. Halloween itarudi mwakani. Ziara hiyo huenda isirudi. Vaa vazi jepesi, fika bendi ya kwanza ikianza, simama karibu na fundi.

Kama unakwenda na kundi la marafiki wenye ladha tofauti, au kuna mmoja ambaye hajawahi kupenda indie, usiku wa kopi ndio unaowaunganisha. Kila mtu atapata angalau seti moja anayoijua, na bendi ikiyumba mtakuwa mnaimba ninyi. Unafaa pia kwa aliyetumia wiki tatu kushona vazi na anataka lionekane. Haumfai mwenye kazi saa moja asubuhi.

Kama una miaka 17, au mfuko ni mwembamba, au umehamia mji mpya na unataka kujua nani anapiga nini, tafuta shoo ya nyumbani. Nenda na mtu anayewafahamu wenyeji, weka ndoani kiasi unachoweza, na ukitoka usisimame mlangoni kupiga kelele, maana jirani ndiye anayeamua kama kutakuwa na shoo nyingine.

Kama unatumia kiti cha magurudumu au huwezi kusimama muda mrefu, pigia simu klabu kabla. Klabu zilizo kwenye ghorofa ya chini usawa wa barabara zinaweza kukuwekea nafasi ya kukaa wakijua mapema, na shoo ya kawaida ya siku ya kazi ina nafasi zaidi ya kupita. Chumba cha chini cha nyumba chenye ngazi hakifai, na wenyeji waungwana watakuambia ukweli huo ukiuliza.

Unayekwenda peke yako, shoo ya kawaida haitakuacha ukijihisi umepotea, kwa sababu wote mnatazama upande mmoja. Shoo ya nyumbani nayo ni nzuri kwa mtu wa peke yake anayeweza kuanzisha mazungumzo. Usiku wa kopi ndio mgumu kidogo, kwa kuwa watu huja na makundi yao.

Na kama bado mbili zinalingana, sikiliza nyimbo mbili za kila bendi iliyo kwenye mabango yote mawili, ukiwa nyumbani, bila kufikiria mapambo. Bendi ambayo ungeifuata hata siku ya kawaida ya Februari ndiyo ya kukatia tiketi, na ukate mapema ikiwa tarehe imeangukia Ijumaa au Jumamosi.